Wacha Kubadilisha Raki, Badilisha Tairi

Wasee wa magari, leo nitawakosea adabu kidogo. Kuna ugonjwa umeingia mtaani na hakuna mtu anataka kuusema, kwa sababu karibu kila mtu mwenye mdomo ana kitu anauza. Kila kijana mwenye Impreza, Mark X, Golf ama Swift anaambiwa usukani wake "umelala," eti "unachelewa." Halafu anauziwa dawa: raki ya haraka, usukani mdogo wa ngozi na uzi mwekundu, mikono mifupi ya tairi kama ya magari ya drifti. Akitoka karakana gari inahama leni akipiga chafya, na yeye anaita hiyo "respondi."

Msimamo wangu ni huu, na uuchukue ama uuache. Kwa gari inayotembea barabara za Kenya, kubadilisha uwiano wa usukani ndicho kitu cha mwisho kabisa cha kugusa. Wengi wanaokifanya hawakihitaji. Kile wanatafuta kiko kwa tairi, kwa bushi na kwa alaimenti. Na fundi akikuuzia raki bila kuangalia hivyo vitu vitatu kwanza, huyo hakuuzii ufundi. Anakuuzia ajali kwa awamu.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu huchezewa.

Uwiano wa usukani ni hesabu rahisi sana. Ukisikia 16:1, maana yake ukizungusha usukani digrii 16, tairi za mbele zinageuka digrii 1. Ikiwa ni 13:1, digrii 13 za mkono wako zinatosha kupata digrii hiyo moja. Nambari ikishuka, usukani unakuwa wa haraka zaidi. Magari mengi ya kawaida yako kati ya 14 na 18. Toyota 86 ilitoka kiwandani na 13.1:1. Impreza WRX STI ya 2015 ilikuja na 13:1, na WRX ya kawaida ya mwaka huohuo ikaja na 14.5:1. Ndiyo maana watu wanasaka raki ya STI kama dhahabu, waifunge kwa Impreza ya kawaida ama Forester.

Sasa sikiza. Kuna vitu vinne tofauti ambavyo mtaani tumeviweka kwa sufuria moja tukaviita "stiringi nzuri."

Cha kwanza ni uzito, yaani nguvu unayotumia kuzungusha. Hiyo ni kazi ya pawa stiringi, upana wa tairi na upepo uliomo ndani. Cha pili ni uwiano, ambao tumeusema. Cha tatu ni mwitikio: ukigusa usukani, inachukua muda gani pua ya gari kuanza kugeuka kweli. Cha nne ni hisia: je, mkono wako unasikia tairi inafanya nini chini, ama unashika kitu kama rimoti ya tivii?

Kati ya hivyo vinne, kile raki ya haraka inabadilisha hasa ni uwiano. Mwitikio hauletwi na raki. Unaletwa na kila kipande cha mpira na chuma kilicho kati ya kiganja chako na lami. Kama tairi yako ni laini ubavuni, raki inageuka, rimu inageuka, lakini mpira unajikunja kwanza kabla haujashika barabara. Kama bushi za mkono wa chini zimeraruka, tairi nzima inasogea nyuma na mbele kabla haijaamua inaenda wapi. Hapo hata ukifunga raki ya 10:1, utapata tu kuchelewa kulekule, kisha gari inashtuka ghafla kwa nguvu zaidi.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo yote. Raki ya haraka inazidisha mwendo. Hailipi deni la vitu vilivyolegea. Kama boljointi inacheza, itacheza vilevile. Tofauti ni kwamba sasa unaicheza ukiwa na usukani usiosamehe.

Na huo usukani mdogo? Huo haubadilishi uwiano hata kidogo. Ukitoa usukani wa milimita 370 ukaweka wa 330, digrii 10 zinabaki digrii 10. Kinachobadilika ni umbali wa mkono wako: kutoka kama milimita 32 hadi 29. Milimita tatu, bro. Umelipa pesa za wiki nzima kununua milimita tatu, na juu yake sasa unahitaji nguvu kama asilimia 12 zaidi kuzungusha kitu kilekile. Tena umetoa eabegi. Taa ya eabegi ikiwaka kwa dashibodi, mtu anaweka rezista ndogo nyuma ili kompyuta idanganyike kwamba mfuko bado uko. Fikiria hiyo vizuri: umelipa mtu afundishe gari yako kukudanganya kuhusu kitu kilichowekwa kulinda kifua na uso wako.

Turudi kwa kasi, kwa sababu hapo ndipo utani unaisha.

Kwa 100 km/h gari inakula karibu mita 28 kila sekunde. Ukisogeza usukani wa 16:1 digrii 10, tairi zinageuka digrii 0.63. Kwa 13:1 zinageuka 0.77. Inaonekana ndogo kwa karatasi, si ndio? Ni ongezeko la kama asilimia 23. Na ukumbuke kona ileile ukiipita kwa 50 halafu uipite kwa 100, tairi zinadaiwa mshiko mara 4, si mara 2. Kwa hivyo kosa dogo la mkono ambalo kwa 40 lingekuwa kicheko, kwa Southern Bypass usiku linakuwa kitu kingine. Mkono wa binadamu hauna kipimo cha digrii. Unatetemeka, unashtuka pikipiki ikitokea bila taa, unavutwa na begi linaloanguka kitini. Usukani wa polepole kidogo katikati unakusamehe hayo yote. Haukuwekwa hivyo kwa sababu mainjinia ni waoga.

Na kama unafikiri haya ni maneno ya mzee wa kanisa, uliza wale wanaotengeneza magari ambayo mabango yake unabandika ukutani. Porsche 911 ya kizazi cha 997, moja ya magari yanayosifiwa sana kwa usukani, ilikuja na raki ambayo katikati ni kama 17:1, halafu inakuwa ya haraka hadi karibu 13.8:1 ukizungusha zaidi. Yaani ukienda moja kwa moja kwa kasi, imetulia. Ukiingia kona kali, inaamka. Mwaka 2003 BMW ilileta usukani unaojibadilisha kwa 5 Series: ukienda polepole unakuwa karibu 10:1 ili upaki bila jasho, na kasi ikipanda unaelekea 20:1. Honda nayo mwaka 2000 ilitoa S2000 Type V, iliyogeuka kutoka mwisho mmoja wa usukani hadi mwingine kwa mizunguko 1.4 tu. Lakini haikuwa raki ya haraka tu iliyofungwa ikaachwa. Kulikuwa na mota na kompyuta zilizobadilisha uwiano kufuatana na kasi.

Umeona? Kampuni zenye pesa, traki zao wenyewe na madereva wa majaribio zilikataa kukupa usukani wa haraka wakati wote. Lakini wewe, na raki iliyotoka kwa gari lililokatwa nusu, iliyolala chini ya meza dukani Kirinyaga Road bila mtu kujua iligonga nini, umeamua zote zimekosea.

Najua utaniambia nini. "Mbona magari ya rali?" Sawa. Tunayapenda, hata mimi. Colin McRae alishinda Safari Rally 1997 na Impreza ya buluu, na ule mwaka ndio uliofanya nusu ya wazazi wetu waseme Subaru ni gari ya vita. WRC iliporudi Kenya 2021, Naivasha ilijaa. Magari ya rali yana usukani wa haraka, kweli. Lakini angalia sababu. Dereva wa rali anaishi kwa vumbi na changarawe, mkia wa gari unatoka kila kona, na lazima aurudishe kwa pembe kubwa bila kuachia usukani kubadilisha mikono. Barabara imefungwa. Pembeni ana mwenzake anayemsomea kona inayokuja. Amefungwa kwa mikanda, kuna keji ya chuma, na bushi na jointi za gari lake zinakaguliwa kati ya hatua moja na nyingine. Wewe uko Thika Road saa moja jioni, mathree inakukata kushoto bila indiketa, na bushi zako mara ya mwisho kuguswa ilikuwa Japani.

Na hiyo ya Japani si matusi. Sheria yetu inaruhusu kuagiza gari lenye umri wa hadi miaka 8. Kwa hivyo gari nyingi tunazoita "mpya" zikishuka Mombasa, mpira wake una miaka saba, nane. Mpira haujali gari ilisafishwa vipi kwa yadi. Unakauka, unapasuka, unalegea. Halafu tunaziingiza kwa barabara zenye bampu zisizo na rangi na mashimo yenye majina. Baada ya miaka miwili mwenye gari anasema usukani "umelala." Haujalala, buda. Umechoka. Kitu kilichochoka hakitibiwi kwa kuongezewa haraka.

Mwezi uliopita nilikuwa karakana moja, sitaitaja, nikirekodi mambo yangu. Kijana akaleta Impreza, labda ana miaka 22, anataka raki ya haraka. Pesa ameleta kwa bahasha. Fundi alikuwa ameshaanza kuhesabu. Nikamwomba yule kijana atuonyeshe namba za tairi. Kwa ubavu wa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ukisoma 2315, hiyo tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya 2015. Zake za mbele zilikuwa na miaka miwili tofauti na makampuni mawili tofauti. Moja mtumba kutoka Japani, nyingine hata sijui. Tukatikisa tairi ya kushoto kwa mkono, ikafanya "tok tok" hata mama muuza chai akageuka. Fundi akasema, "Hiyo tutaangalia baadaye."

Baadaye. Yaani ufunge kwanza kitu cha kufanya gari igeuke haraka, halafu baadaye uangalie kama tairi itabaki kwa gari. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Yule kijana hakuwa mjinga. Alikuwa amefanya utafiti wake, ameangalia video, amesoma maoni. Shida ni kwamba kila mahali alipoangalia, mtu alikuwa analipwa kumwonyesha raki, na hakuna aliyekuwa analipwa kumwonyesha tairodi endi ya bei ya pizza mbili.

Na hapa naongea na sisi wenye simu na mwanga wa duara. Bushi haina sura. Huwezi kupiga picha nzuri ya alaimenti. Usukani wa ngozi una sura, kwa hivyo ndio tunaonyesha. Mtu anakupa usukani wa bure uusifu, unausifu, na msee wa Kayole anatoa akiba yake. Akigonga, hutaonekana kwa matanga. Angalau tuwe na aibu ya kusema, "Hii nimepewa bure, na kabla uinunue, kagua vitu vya chini."

Kuna mambo mengine mawili ambayo wauzaji hawatakuambia.

La kwanza ni VDC, ule mfumo wa kuzuia gari isiteleze. Unafanya kazi kwa kulinganisha: senso moja inasoma usukani umezungushwa kiasi gani, nyingine inasoma gari lenyewe linazunguka kiasi gani. Kompyuta inajua kwa uwiano wa kiwandani, usukani ukiwa hapa, gari linapaswa kuwa pale. Ukibadilisha raki bila kuiambia kompyuta, gari linageuka zaidi ya inavyotarajia. Inaweza kudhani mkia umetoroka, ikakupigia breki ya tairi moja katikati ya kona ambayo ulikuwa unaipita sawa. Halafu watu wanasema, "VDC ni mbaya, izime." Si mbaya. Umeipa hesabu ya uwongo.

La pili ni kushusha gari. Wengi wenye raki ya haraka pia wameweka springi fupi. Gari likishuka, tairodi inabadilisha pembe yake, na haiendi tena sambamba na mkono wa chini. Matokeo yake, kila tairi ikipanda na kushuka kwa bampu ama shimo, inajigeuza yenyewe kidogo bila wewe kugusa usukani. Sasa changanya hiyo na usukani mkali unaozidisha kila kitu mkono wako unafanya ukijaribu kurekebisha. Umejenga gari linalobishana na wewe kila mita mia. Wanaojua hurekebisha jiometri kwanza. Wanaojionyesha wanaongeza spika.

Utasema mimi ni mwoga, ama kwamba napinga ufundi. Hapana. Kama unaenda otokrosi ama mbio za kupimwa saa, kona ni za kubana, kasi si ya haiwei, na mikono yako inachanganyikana kila pini, raki ya haraka ina kazi. Ifunge kwa gari iliyo timamu, jiometri ipimwe upya, senso ya usukani isawazishwe, na bima yako ijue. Hiyo ya bima usiidharau: kampuni ikigundua baada ya ajali kwamba ulibadilisha usukani bila kuiambia, umewapa sababu ya kukataa kulipa. Lakini mtu wa aina hiyo hahitaji kunisoma. Yeye alishabadilisha bushi tatu zilizopita. Ninaongea na wewe unayeendesha kwenda kazini, unampeleka mathe kanisani Jumapili, na Ijumaa usiku unataka gari liwe na moyo.

Basi fanya hivi, kwa mpangilio huu.

Soma kibandiko kilicho kwa mlango wa dereva, weka upepo kama kinavyosema, tairi zikiwa baridi. Bei yake ni karibu bure, na kuna watu "wamebadilisha stiringi" kwa dakika kumi tu pale petroli. Kisha tairi: nne zinazofanana, mpya, za kampuni inayojulikana. Usinunue rimu kubwa zaidi kabla ya mpira mzuri. Kisha mwambie rafiki akae kitini, injini ikiwa inanguruma na gari limesimama, atikise usukani kidogo kushoto na kulia. Wewe inama uangalie: tairodi endi, rak endi, zile bushi zinazoshika raki yenyewe kwa chasisi. Kitu chochote kinachosogea kabla tairi haijasogea, hicho ndicho kinakuibia mwitikio. Badilisha hivyo, bushi za mkono wa chini na shoki zilizokufa. Halafu ndio uende alaimenti, kwa mashine, udai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Alaimenti ni nafuu kuliko kujaza tangi.

Ukimaliza hayo yote, endesha wiki mbili. Barabara ileile, kona zilezile, bila kushindana na mtu. Kama bado unaona usukani ni wa polepole, njoo tuongee kuhusu raki, na nitakusikiza kwa heshima. Lakini nakuambia, wengi wenu hamtarudi. Mtagundua gari mliyotaka ilikuwa hapo siku zote, imefunikwa na mpira uliooza na hewa isiyotosha.

Na kama pesa zinatosha kitu kimoja tu mwezi huu, na mbele yako kuna raki upande mmoja na tairi upande mwingine, usiniulize mimi. Uliza mtu atakayekaa kiti cha abiria.